Mizani ya kilo Marekani inapatikana wapi? Mama hataki kusikia habari za paundi

Binti Pangani
Wakuu, habari za majukumu. Niko Columbus, Ohio. Mama yangu amekuja kukaa nami. Ana tatizo la moyo, na daktari wa hapa amemwambia ajipime uzito kila asubuhi. Mimi nina mizani ya kawaida ya bafuni, ile ya kioo. Mama kapanda, kaangalia chini, kaona 150. Akashuka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Kilo mia na hamsini? Mimi?" Nikamweleza kwamba hizo ni paundi, kwa kilo ni kama 68. Wapi! Tangu siku hiyo anasema mizani ya Wamarekani ina uongo, na kila nikiandika namba kwenye daftari lake anauliza, "Hiyo ni ya kweli au ni ya kwao?"

Natafuta mizani inayosoma kilo. Ikiwezekana iwe ya mshale, maana hata hizi namba za kuwakawaka haziamini sana. Nimezunguka madukani, za mshale nilizokuta zote ni paundi. Mwenye kujua anielekeze.

Fundi Saketi
Dada, kabla hujatoa hata senti, igeuze hiyo uliyonayo. Angalia karibu na kifuniko cha betri, kuna kitufe kidogo au swichi ya kusukuma kwa ukucha. Huandikwa UNIT au lb/kg. Washa mizani kwanza, ndipo ubonyeze. Nyingine mpaka ukishikilie kwa sekunde kadhaa.

Mizani nyingi za betri zinazouzwa hapa zina kilo ndani yake. Zinatoka kiwandani zikiwa zimewekwa kwenye paundi, basi, na mwenye nyumba anakaa nayo miaka bila kuigeuza. Kila mguu wa mizani una kichuma chenye kitambuzi. Ukipanda, kile chuma kinapinda kidogo mno, umeme unaopita unabadilika, na chipu inasoma hayo mabadiliko. Kuonyesha paundi au kilo ni suala la chipu kuzidisha kwa namba gani. Kiwanda kimoja kule China kinaweza kutengeneza ya kupeleka Ujerumani na ya kupeleka Ohio siku hiyohiyo.

Binti Pangani
Nimegeuza, mkuu. Kuna kitundu kidogo ila ndani hakuna kitufe.

Fundi Saketi
Hao ni wabahili. Niliwahi kufungua moja ya namna hiyo, nafasi ya kitufe ipo kabisa kwenye saketi, wenyewe hawakukifunga. Mtu mwenye mkono mzuri wa kuchomelea risasi anaweza kuigusanisha ikahamia kilo, lakini kwa mizani ya mgonjwa sikushauri. Nunua nyingine. Ukinunua mtandaoni usiishie kwenye maelezo, pekua picha mpaka uione picha ya sehemu ya chini. Kama hawakuonyesha chini, pita. Dukani ni rahisi zaidi, unaipindua hapohapo ukiwa umesimama.

Na zile zinazoungana na simu kwa bluetooth, kipimo hubadilishwa kwenye programu ya simu. Kwa kijana sawa. Kwa mama utajitafutia kazi ya kila asubuhi.

Mjomba Kejeli
Kwani shida iko wapi jamani? Ukifika kwa wenye chongo nawe fumba lako jicho. Mfundishe mama paundi, maisha yaendelee. Mizani ya mia tano ukimpa au ya elfu, uzito ni uleule.

Nesi wa Zamu
Mjomba, hapo umechezea moto bila kujua. Mimi ni nesi, nipo wodi ya moyo, ngoja nieleze.

Mgonjwa ambaye moyo wake unasukuma damu kwa udhaifu, maji hujikusanya mwilini. Yanaweza kuongezeka kabla miguu haijavimba na kabla pumzi haijaanza kukata usiku. Kitu cha kwanza kuyaona ni mizani. Ndiyo maana anaambiwa apime kila siku, si kwa ajili ya unene. Maelekezo ya kawaida hapa Marekani ni kwamba uzito ukipanda paundi 2 au 3 ndani ya siku moja, au paundi 5 ndani ya wiki, upige simu kliniki. (Kama daktari wa mama ameandika namba tofauti, fuata ya daktari wake.)

Sasa weka hizo namba kwenye kilo. Paundi 3 ni kilo moja na gramu 360. Paundi 5 ni kilo mbili na robo hivi. Tatizo linaanzia hapo: mtu ameambiwa "ikipanda tatu piga simu", nyumbani ana mizani ya kilo, basi anasubiri kilo tatu. Kilo tatu ni zaidi ya paundi 6 na nusu! Mtu wa hivyo anakuja kwetu na gari la wagonjwa.

Kwa hiyo dada, mpe mama kilo zake, sina ubishi. Anayeielewa namba ndiye atakayeshtuka ikipanda, na kama haiamini ataacha kupima, tena kimyakimya. Ila ukurasa wa kwanza wa daftari andika kwa kalamu nene kile kiwango cha kupiga simu KWA KILO. Usimwachie apige hesabu asubuhi kabla ya chai. Ukipiga simu kliniki, tamka kipimo, sema "kilo" au "paundi", usitaje namba tupu.

Na kichekesho ni kwamba sisi wodini tunamwandika mgonjwa kwa kilo, maana dozi nyingi zinahesabiwa miligramu kwa kila kilo ya mwili, hasa za watoto. Halafu mgonjwa huyohuyo akiruhusiwa, karatasi ya kwenda nayo nyumbani inasema paundi.

Mjomba Kejeli
Haya nesi, nimenyamaza.

Babu Forodha
Wanangu, hamjambo. Nawasoma tu nikiwa hapa Michigan kwa mwanangu. Binti, mwambie mama kwamba paundi si ya "kwao" peke yao. Mimi nimekulia Unguja, tulipima kwa ratili na wakia kabla kilo haijatawala, na ratili ni hiyohiyo paundi. Karafuu ziliuzwa kwa frasila, ratili 35 hivi. Nyanya yake huyo mama bila shaka alitumwa dukani ratili ya sukari. Huenda akilisikia neno "ratili" roho itatulia kidogo.

Na Wamarekani hawa wasikudanganyeni kwamba kilo hawaijui. Bunge lao lilipitisha sheria mwaka 1866 kuruhusu vipimo vya metriki nchi nzima. Mwaka 1875 walikuwamo katika kusaini ule Mkataba wa Mita kule Paris. Mwaka 1893 wakaamua paundi yao yenyewe ipimwe kwa kutumia kilo. Na tangu 1959 paundi ni gramu 453.59237, hakuna cha kuongeza wala kupunguza. Maana yake paundi imekalia mgongo wa kilo, basi tu hawataki kusema hadharani. Mwaka 1975 Rais Ford alitia saini sheria ya kuhamia metriki kwa hiari, ikaundwa bodi ya kusimamia. Hiari, unajua tena mambo ya hiari. Reagan akaivunja bodi mwaka 1982.

Binti Pangani
Shikamoo babu. Hilo la ratili nimemwambia, amecheka, amesema "kumbe ni ratili! Mbona hamkusema?" Lakini bado anataka kilo 😂

Babu Forodha
Marahaba. Basi mpe kilo.

Mtoto wa Bukavu
Mimi niko Louisville. Ya mshale yenye kilo nilipata kwenye duka la vitu vya mitumba, ila si ya bafuni. Ni ile balansi ya daktari, ya kusimama, yenye vyuma viwili vya kusukuma mpaka mkono ukae katikati. Nyingi zina paundi upande mmoja na kilo upande wa pili. Haina betri, haiharibiki, na bei yake ya mitumba ilikuwa ndogo kuliko kulipa mtu wa kuibeba. Ni nzito vibaya sana, nilihitaji watu wawili na pikapu. Wazee wanaiamini kwa sababu wanaona chuma kinasogea kwa macho yao. Mama mkwe wangu hapandi nyingine.

Kabla ya kulipa angalia hizo namba. Kuna zenye paundi pande zote mbili.

Nesi wa Zamu
Hiyo nakazia. Ya vyuma vya kusukuma ni nzuri kweli kama una nafasi. Ya mshale ya bafuni ndiyo siitaki kwa mgonjwa wa moyo. Ndani ni springi, mshale unasomeka tofauti ukiinama kushoto na ukiinama kulia, na zile zenye vipimo viwili huandika kilo kwa maandishi madogo mekundu ndani ya duara la paundi. Mama wa miaka sabini atayasomaje akiwa amesimama? Sisi tunatafuta badiliko la nusu kilo, kilo. Hapo mshale wa springi unabahatisha.

Kama tatizo ni macho, kuna mizani zinazosema uzito kwa sauti, zimetengenezwa kwa ajili ya wasioona vizuri. Zipo zenye swichi ya kilo. Kiswahili hazisemi, ila mama atazoea "sixty-eight" haraka tu.

Wa Leicester
Nyie mna nafuu. Huku Uingereza unga ni gramu na kilo, lakini watu wanajipima kwa "stone", na stone moja ni paundi 14. Muuguzi aliwahi kuniambia mimi ni kumi na moja na nne, nikadhani ananitajia saa. Kitufe cha chini huku kinazunguka vituo vitatu: kg, lb, st.

Jirani wa Toronto
Na msifikiri mtavuka mpaka kuja Kanada kununua. Nchi ni ya metriki, barabara ni kilomita, lakini watu hapa wanajitaja kwa paundi na madukani mizani zinaonyesha hivyohivyo, kilo ipo kwenye swichi kama huko kwenu. Mafuta yatawaishia bure.

Mpishi wa Dallas
Naomba kupenyeza swali la jikoni. Napika keki na mandazi kwa oda za harusi. Mapishi yangu yote ni ya nyumbani, robo ya siagi, robo ya sukari, mayai, unga nusu. Hapa kila kitu ni "cup". Mizani ya jikoni nayo ina shida hiyohiyo?

Fundi Saketi
Ya jikoni usihofu. Za betri karibu zote zina gramu, na kitufe huwa juu kabisa mbele ya macho: g, oz, lb:oz, mara nyingine na ml. Ya kawaida inabeba kilo 5, wao wanaandika paundi 11. Kwa oda za harusi tafuta inayobeba zaidi, na bakuli zito nalo lihesabu humo. TARE ndicho kitufe cha kurudisha sifuri ukishaweka bakuli.

Tahadhari moja. Zipo zinazoonyesha paundi na aunsi, na zipo zinazoonyesha paundi na desimali. 1:8 ni paundi moja na aunsi 8, yaani paundi moja na nusu, kwa sababu paundi ina aunsi 16. 1.8 ni kitu kingine kabisa. Tofauti yake ni gramu 136, keki inaijua.

Mpishi wa Dallas
Asante sana. Kwa wengine wenye oda: boksi la siagi la paundi moja lina vijiti vinne, kila kijiti gramu 113. Vijiti viwili ni 227, kwa robo kilo ongeza vijiko viwili vya chakula hivi, karatasi yake imechorwa mistari ya vijiko. Sukari kikombe chao ni gramu 200. Unga ndio mwizi, kikombe ni gramu 120 ukiumwaga taratibu, ukiuchota kwa kushindilia unafika hata 150. Ndiyo maana mandazi ya mapishi ya mtandaoni leo laini kesho mawe.

Mtoto wa Bukavu
Na buchani? Mimi nikisema kilo mbili za nyama ya mbuzi yule kijana ananitazama tu.

Mpishi wa Dallas
Sema paundi nne na nusu, utapata kilo mbili na kipande kidogo cha juu. Kilo moja ni paundi 2.2. Nusu kilo, sema paundi moja. Inapungua kama gramu 46, mfupa mmoja tu huo.

Binti Pangani
Wakuu, mrejesho. Nimenunua ya betri, swichi ya kilo iko chini, namba zake ni kubwa. Nimeipindua dukani kama fundi alivyosema, muuzaji akadhani naivunja. Sasa mama anauliza, nitajuaje kwamba yenyewe haidanganyi?

Fundi Saketi
Mpe mchele. Serikali yao inadai bidhaa nyingi zilizofungwa ziandikwe vipimo vyote viwili, ni marekebisho ya sheria ya vifungashio ya mwaka 1992. Kwa hiyo gunia la mchele la paundi 20 lina maandishi 9.07 kg palepale. Mama apande, msome. Ashuke, abebe gunia (au ulibebe wewe, upande wewe, ni mgonjwa huyo), msome tena. Tofauti ikiwa karibu na kilo 9, mko salama. Mfuko wenyewe una gramu chache, usilie nazo. Usiliweke gunia peke yake juu ya mizani, baadhi ya mizani za bafuni haziamki kwa uzito mdogo.

Mpishi, ya jikoni ipime kwa sarafu. Ile ya senti tano, nickel, ina gramu 5 kamili. Sarafu ishirini, yaani dola moja, ni gramu 100. Na hiyo nickel walianza kuitengeneza mwaka 1866, mwaka uleule wa sheria aliyoitaja babu. Kumbe wanatembea na metriki mfukoni.

Babu Forodha
Hilo la sarafu sikulijua. Nimemtuma mjukuu akaniletee senti tano zake nizipime.

Nesi wa Zamu
Dada, mizani umeiweka wapi? Kama ni chumbani kwenye zulia, iondoe. Nyumba za huku zina zulia ukuta hadi ukuta na miguu ya mizani inazama, namba inakuwa ya ovyo. Iweke bafuni au jikoni kwenye sakafu ngumu, na ikae hapohapo. Ikisogezwa, iguse kwa mguu iwake, subiri irudi 0.0, ndipo mama apande. Apime akishaamka na kwenda haja, kabla ya chai, na nguo za uzito uleule. Khanga leo na sweta kesho hapana.

Binti Pangani
Ilikuwa kwenye zulia! Nimeihamishia jikoni. Gunia limetoa kilo 9.1. Mama ameridhika, sasa anapima kila anayeingia nyumbani, jana amempima jirani Mmexico. Kliniki nimewapigia, wamesema niwatumie kilo, watabadilisha wao kwenye mfumo. Kiwango cha kupiga simu nimekiandika ukutani juu ya mizani kwa kilo, kwa maandishi makubwa.

Nesi wa Zamu
Hapo sawa. Na betri ya akiba iwe ndani. Mizani nyingine betri ikichoka hutoa namba za ajabu kabla ya kuzima.

Msafiri wa Kigamboni
Naombeni na mimi. Nasafiri kwenda Dar mwezi ujao, tiketi imeandikwa mabegi mawili ya kilo 23, mizani yangu ya nyumbani ni paundi. Nijaze mpaka ngapi?

Fundi Saketi
50 kila begi. Paundi 50 ni kilo 22.7, ukiishia hapo unapita. Pima hivi: panda mwenyewe, kisha panda na begi, utoe. Au nunua ile ndogo ya kuning'iniza begi, nayo ina kitufe cha kg. Kama una ndege nyingine ya ndani ukifika, soma tiketi ya pili, huko kiwango kinaweza kuwa kidogo zaidi.

Msafiri wa Kigamboni
Asante mkuu. Na oveni ya Fahrenheit je? Bi mkubwa anataka nimletee.

Mpishi wa Dallas
350 yao ni 177 yetu. Lakini oveni ya huku ina mambo ya umeme pia, fungua uzi wake, nitakuja.